Maneno Yanapofika Ubongoni: Kutoka Kambi ya Wapagazi hadi Kliniki za Dar es Salaam

Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba 1916, Wajerumani walikuwa wameshauacha mji. Vita vilihamia kusini, na huko hapakuwa na reli wala barabara ya kupitisha lori msimu wa mvua. Magunia ya unga na masanduku ya risasi yalibebwa kichwani. Ndipo uwanda ulioko magharibi ya Mnazi Mmoja ulipogeuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho, likitamkwa Kiswahili, likabaki na mtaa hadi leo: Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Waliorudi walirudi na miguu yenye vidonda, na mengine yasiyoonekana kwa macho.

Mwaka huohuo wa 1916, nje kidogo ya Edinburgh, hospitali ya Craiglockhart ilifungua milango kwa maofisa wa Uingereza waliopoteza usingizi, sauti au uwezo wa kutembea baada ya kukaa mahandakini. Daktari mmoja wa pale, W. H. R. Rivers, alikaa nao mmoja mmoja akawaacha wasimulie yale waliyokuwa wakijilazimisha kuyasahau. Aliamini kwamba kulisukuma jambo chini ndiko kulikowafanya waendelee kuugua. Kwa hiyo tiba ya mazungumzo kwa majeruhi wa vita ilikuwepo tayari, katika dola ileile na kwa ajili ya vita vilevile. Haikuvuka bahari. Mpagazi aliyeamka usiku akipiga kelele hapa Kariakoo hakuwa na daktari wa kumsikiliza, na sijapata kuona mahali ambapo serikali ya wakati ule ilifikiri kwamba alihitaji mmoja.

Mwaka 1927 mji ulipata sanamu ya askari pale katikati, ambayo bado imesimama na singe yake kwenye mzunguko wa Mtaa wa Samora. Mwaka huohuo ilifunguliwa hospitali ya Mirembe kule Dodoma. Kabla yake palikuwa na Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walikuwa wakiwatunza wagonjwa wa akili tangu 1904. Mtu wa Dar es Salaam aliyezidiwa alikamatwa, akapandishwa treni ya reli ya kati, akapelekwa bara. Stesheni haiko mbali na Kariakoo, na safari hiyo iliingia katika lugha ya mji: mpaka leo watu wakigombana sokoni, mmoja humwambia mwenzake kwamba anafaa kupelekwa Mirembe. Hospitali ilikuwa mahali pa kuwatoa watu mjini. Kumfungia mtu na kumtibu yalichukuliwa kuwa jambo moja.

Nyuma ya mtindo huo palikuwa na nadharia, na nadharia hiyo ilihusu ubongo. Mwaka 1938 daktari wa serikali aitwaye J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1951 alichapisha makala iliyodai kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba tabia yake inafanana na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa nyuzi za sehemu hiyo. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, kikasomwa kama elimu. Ndani yake sonona ilihesabiwa kuwa adimu miongoni mwetu, kwa madai kwamba Mwafrika hajichunguzi nafsi wala hajilaumu. Mwaka 1954 alieleza uasi wa Mau Mau kwa mtindo huohuo, kana kwamba ardhi iliyoporwa haikutosha kuwa sababu.

Madai hayo yana uzito zaidi kuliko matusi ya kawaida ya ukoloni. Ukisema ubongo wa mtu umekaa hivyo na hautabadilika, umeshaamua kwamba kuzungumza naye ni kupoteza wakati. Ukisema hasononeki, hutajenga mahali pa kumsikiliza. Hospitali za Afrika Mashariki zilijengwa hivyo: vitanda, kufuli, na baada ya miaka ya 1950 dawa ya klorpromazini, iliyoanza kutumika Paris mwaka 1952. Dawa hiyo ilikuwa neema kwa waliopagawa kwa skizofrenia, wala sitaki mtu aipuuze. Lakini mwanamke aliyekuwa akilia kila asubuhi huku akiwasha jiko lake Mtaa wa Swahili hakuonekana kuwa mgonjwa kabisa.

Alikokwenda mwanamke huyo kunajulikana. Alikwenda kwa mganga. Dar es Salaam ya Wazaramo na ya wageni wao haikuwahi kukosa waganga, na hata leo ukipita kandokando ya soko utaona mizizi, magome na chupa za mafuta zimepangwa juu ya gunia, na muuzaji anayeuliza kwanza unasumbuliwa na nini. Mganga alikuwa na kitu ambacho zahanati haikuwa nacho: muda. Alimuuliza mgonjwa kuhusu mume, shemeji, deni, na ndoto alizoota.

Utafiti wa M. C. Ngoma na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulipima jambo hili katika jiji hili. Walilinganisha watu waliofika kwenye zahanati na waliofika kwa waganga, wakawauliza wote maswali yaleyale kuhusu hofu, huzuni na usingizi. Kwenye zahanati, karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na matatizo ya akili ya aina hiyo, asilimia 24. Kwa waganga ilikuwa asilimia 48. Karibu nusu ya wanaokaa kwenye mkeka wa mganga wamebeba sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa, na wameamua wenyewe, bila kampeni wala bango, kwamba dawa ya tatizo lao inaanza na kusikilizwa.

Nadharia ya Carothers ilikuwa imekwisha kuanguka kabla ya hapo. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya kupima sonona katika vijiji viwili vya Uganda kwa mizani ileile iliyotumika London, wakaikuta zaidi vijijini Uganda kuliko kusini mwa London. Tatizo halikuwa ubongo wa Mwafrika. Tatizo lilikuwa daktari asiyeuliza.

Tanzania huru ilianza kuuliza, ingawa kwa sauti ndogo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipata kitengo cha magonjwa ya akili, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianzia Morogoro na Kilimanjaro ukiwafundisha wahudumu wa zahanati kuwatambua wagonjwa na kuwapa dawa karibu na nyumbani. Mgonjwa hakulazimika tena kupanda treni. Mwaka 1998 Gad Kilonzo wa Muhimbili na mwenzake Simmons waliandika tathmini ya safari hiyo yote na wakahimiza huduma zitoke hospitali kubwa ziingie kwa jamii. Dawa zilifika mitaani kabla ya mazungumzo. Kidonge hubebeka kwenye boksi; mtu wa kukaa na mgonjwa lazima afundishwe, alipwe na apewe chumba.

Wakati huohuo, mbali na hapa, maabara zilikuwa zikijibu swali ambalo Carothers alilifunga: je, maneno yanaweza kuugusa ubongo wenyewe?

Jibu la kwanza lililoonekana kwa picha lilitoka Los Angeles mwaka 1992. Lewis Baxter na wenzake walichukua wagonjwa 18 wenye ugonjwa wa kurudiarudia, wale ambao hunawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, wakijua kabisa kwamba mikono ni misafi. Nusu walipewa dawa ya fluoksetini. Nusu nyingine walipewa mazoezi tu: shika kitasa cha mlango, kisha usinawe, kaa na hofu mpaka ipungue yenyewe. Kila mmoja alipigwa picha ya ubongo kabla na baada, kwa mashine inayoonyesha ni wapi ubongo unatumia sukari nyingi. Kwa waliopata nafuu, sehemu moja ndani kabisa ya ubongo, iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi, ilikuwa imetulia. Ilitulia kwa waliomeza dawa, na ikatulia vilevile kwa wale ambao hawakumeza chochote.

Miaka 10 baadaye, Uppsala nchini Sweden, Tomas Furmark alifanya jaribio ambalo kila aliyewahi kuitwa ghafla kusema neno kwenye msiba atalielewa. Wagonjwa wake, nao 18, walikuwa na hofu ya kuzungumza mbele za watu iliyokuwa imewaharibia maisha. Mgonjwa alilazwa ndani ya mashine, akaambiwa atoe hotuba fupi huku kundi dogo la watazamaji wakimkodolea macho kimya. Mashine ikafuatilia damu inakokimbilia. Baada ya hapo baadhi walipata dawa, baadhi walikaa vikao vya kikundi vya tiba ya fikra na tabia, na waliobaki walisubiri zamu. Walioponywa kwa dawa na walioponywa kwa vikao walionyesha badiliko moja: amigdala, kinundu kidogo cha kengele ya hatari, na hipokampasi iliyo jirani yake, hazikuwaka tena kama mwanzo. Waliosubiri hawakubadilika. Na wale ambao amigdala yao ilipoa zaidi ndio waliokuwa na hali bora mwaka mmoja baadaye.

Hapo katikati, mwaka 1998, Eric Kandel alikuwa ameandika kwamba mambo haya yasimshangaze mtu. Kandel alitumia maisha yake kumchunguza konokono wa baharini asiye na gamba la nje, mwenye seli za neva kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Akaonyesha kwamba mnyama huyo akijifunza jambo, viungo kati ya seli zake vinabadilika, na jambo likidumu kwa muda mrefu, viungo vipya vinaota. Kujifunza ni kuujenga ubongo upya, sehemu kwa sehemu. Ikiwa tiba ya mazungumzo humfundisha mtu kitu kinachodumu, alisema, basi lazima inabadilisha seli zake. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Tuseme yuko mfanyabiashara ambaye mali yake iliteketea usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo lilipoungua, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Mwaka mmoja baadaye anapita mahali mama lishe anapowasha mkaa. Moshi unampiga puani. Kabla hajafikiri lolote moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anataka kukimbia. Amigdala yake imejifunza kwamba moshi ni maangamizi, na imejifunza vizuri. Kumwambia asahau hakumsaidii, kwa sababu somo lile halifutiki. Tiba humsogeza karibu na moshi kwa hatua, akiwa na mtu anayemwamini, akisimulia usiku ule mwanzo hadi mwisho, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila mara anapobaki na hakuna kinachoungua, ubongo huandika somo jipya pembeni ya lile la zamani: moshi huu ni wa jiko, na leo si ile siku. Sehemu ya mbele ya ubongo huanza kuizuia kengele isilie ovyo. Sehemu hiyohiyo, ambayo Carothers aliambia dunia kwamba sisi hatuitumii.

Nisitie chumvi. Picha hizi za ubongo zilipigwa kwa watu wachache, na ramani haifanani kwa kila ugonjwa. Mwaka 2004 huko Toronto, Kimberly Goldapple na wenzake walikuta kwamba katika sonona, mazungumzo na dawa ya paroksetini vilifikia nafuu kwa njia zilizopishana: vikao vilipunguza shughuli za sehemu ya mbele na kuzidisha za hipokampasi, dawa ikafanya karibu kinyume chake. Kwangu mimi hilo ndilo lenye faida zaidi kwa mgonjwa, maana linaeleza kwa nini mtu aliyeshindwa na dawa anaweza kusaidiwa na vikao, na aliyeshindwa na vikao akasaidiwa na dawa, na kwa nini wengi huhitaji vyote viwili.

Bado ilibaki hoja moja ya zamani, ambayo niliwahi kuisikia hata kwa wasomi: kwamba haya ni mambo ya Wazungu, mtu wetu hatakaa kwenye kiti aeleze siri zake. Afrika Mashariki iliijibu kwa kazi, na si kwa mjadala.

Uganda ilitangulia. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha jaribio la mazungumzo ya vikundi kutoka wilaya za Masaka na Rakai, zilizoumizwa sana na UKIMWI. Katika vijiji 30, nusu vilihusu wanaume na nusu wanawake, na baadhi havikupata vikundi, ili kulinganisha. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa hukohuko waliopewa mafunzo mafupi. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, wiki 16, wakizungumzia kufiwa, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwanzoni asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na sonona kali. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, zaidi ya nusu walikuwa bado wanaugua.

Kisha yakaja makambi ya wakimbizi. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert waliwatibu Wasudani kwa njia waliyoibuni wenyewe. Mgonjwa hupewa kamba aitandaze chini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake huweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo baya. Halafu huanza kusimulia kwa mpangilio, na akifika kwenye jiwe husimama hapo: ulikuwa umevaa nini, jua lilikuwa wapi, ulisikia harufu gani, mwili wako sasa hivi unahisi nini. Msikilizaji huandika, na kikao kinachofuata humsomea yaliyoandikwa, naye husahihisha. Nadharia yao ni kwamba kumbukumbu ya mateso hukaa ubongoni kama vipande vya moto, vyenye hofu na harufu na maumivu lakini bila tarehe wala mahali, ndiyo maana mtu huviishi upya kila vinapoamka. Kusimulia hadithi nzima huvirudisha vipande hivyo mahali na wakati wake. Mwaka mmoja baadaye, kati ya waliopata tiba hiyo, ni asilimia 29 tu waliokuwa bado na ugonjwa wa kiwewe, dhidi ya takriban asilimia 80 ya waliopewa ushauri wa kawaida au elimu tu. Watu walikuwa 43. Mwaka 2008 wakachapisha jaribio jingine, la kambi ya Nakivale, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, na safari hii watoa tiba walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa kwa wiki 6. Na bado ikafanya kazi.

Baadaye, mwaka 2011, kundi la Konstanz nchini Ujerumani liliijaribu tiba hiyohiyo ya kamba na mawe kwa wakimbizi 34, baadhi wakipata tiba na wengine wakisubiri zamu, likapima ubongo wao walipoonyeshwa picha za kutisha. Kwa waliopata tiba, sehemu za nyuma na za juu za ubongo, zinazoshughulika na kutazama na kupima kitu, ziliitikia kwa nguvu zaidi picha hizo. Watafiti walilisoma hilo hivi: ubongo uliokuwa ukikwepa tishio sasa unaweza kulitazama na kuamua kama ni la kweli. Njia iliyothibitishwa kwenye mahema ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoacha alama ndani ya mashine ya Ulaya, na kati ya vyote nilivyosoma kuhusu habari hii, hilo ndilo linalonipa moyo zaidi.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na kazi yake. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walikuwa wameanza na jambo lisilo na mbwembwe: kuhakikisha kwamba orodha ya maswali 25 ya kupima huzuni na wasiwasi inaeleweka na kupima sawasawa kwa wajawazito wa jiji hili wenye virusi vya UKIMWI. Wajawazito hao walipewa majibu ya damu kliniki, wakarudi nyumbani kwa mume ambaye hajaambiwa, wakilala macho. Kisha wakajaribu vikundi. Wauguzi wakunga wa kliniki walifundishwa kuviongoza, wiki 6, kwa wanawake waliokutana kuzungumza mambo ambayo wengi wao walikuwa hawajayatamka mbele ya mtu yeyote: nitamwambiaje, nikifukuzwa nitakwenda wapi, mtoto atakuwaje. Wanawake zaidi ya 300 walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013. Waliokaa kwenye vikundi, asilimia 60 walikuwa bado na dalili za sonona mwishoni. Wasiokaa, asilimia 73.

Tofauti hiyo ni ndogo, na kwa mizani ya takwimu ilisimama ukingoni. Naiheshimu zaidi kwa sababu hawakuipamba. Inaonyesha vikao vichache vinaweza kufika wapi kwa mwanamke ambaye kodi, chakula na mume wake havijabadilika, na wapi haviwezi. Hawakuishia hapo. Walijenga mpango mwingine katika kliniki za jiji, unaoanza kwa kuwasaidia wanawake kutatua tatizo moja baada ya jingine, na kwa wale ambao bado wanazama, kuendelea na tiba ya fikra na tabia.

Muhimbili leo ina mashine za kupiga picha za ubongo, na foleni yake ni ya ajali za bodaboda, kiharusi na uvimbe, kama inavyostahili. Hakuna haja ya kumlaza mwanamke wa Ilala ndani ya mashine ili kumthibitishia kwamba mazungumzo yanafanya kazi. Los Angeles, Uppsala na Konstanz zimekwisha kufanya hivyo. Anachohitaji ni muuguzi aliyefundishwa, asiyeitwa wodini kila baada ya dakika kumi, na chumba chenye mlango unaofungika. Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, waliotolewa chini ya vifusi walipelekwa kutibiwa mifupa na majeraha. Kati yao, na kati ya wenzao waliosimama Mtaa wa Congo wakisikiliza sauti zikiita kutoka chini ya zege, wapo ambao watahitaji mtu wa kukaa nao wakisimulia, na wataendelea kumhitaji muda mrefu baada ya plasta kuondolewa. Swali la kuuliza Ilala, katika hospitali za Amana na Mnazi Mmoja, ni muuguzi gani, siku gani za wiki, na analipwa na nani.